Mzee wa Mizani na Ndege Isiyoruka

Kama wewe ni Mkenya wa kanisa letu pale Mesquite, kando ya Dallas, na umewahi kusafiri kwenda nyumbani, basi sanduku lako lilipita kwanza mikononi mwa Mzee wa Mizani. Hukuthubutu kwenda uwanja wa ndege moja kwa moja ukaaibishwe kaunta, foleni nzima ikikutazama unavyochambua nguo zako za ndani sakafuni. Ulipitia kwake. Katika gereji ya nyumba yake kulikuwa na mizani ya jukwaa, ile ya chuma ya maghalani, na kando yake meza ndefu ya kuwekea vitu utakavyoviacha. Na kila mtu aliacha kitu.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa Texas miaka minne bila kurudi, na nilikuwa nimebeba Marekani nzima. Akalishika sanduku kwa mkono mmoja, akalinyanyua kidogo tu, akalirudisha chini.

"Pauni hamsini na sita," akasema. "Toa sita."

"Mzee, si uweke kwa mizani kwanza?"

"Weka wewe, kama huniamini."

Nikaweka. Hamsini na sita, wala haikuzidi wala kupungua. Loo! Nikabaki mdomo wazi, naye ameshafungua zipu anachakura. "Losheni tano za nini? Kwenu mafuta yameisha?" Nikamwambia ni za mama mkwe. "Mama mkwe atapewa moja na atashukuru. Toa." Nilitoa huku nimenuna, na kwenye kaunta yule dada wa shirika la ndege alilipitisha sanduku langu bila hata kulitazama mara mbili.

Nilimjua miaka kumi na minne, na sikumwona akikosea hata pauni moja. Ndiyo maana mambo ya mwisho yananiuma hivi. Hakukosea, alidanganya kuhusu uzito, na mimi muuguzi mzima, mwenye leseni, nikamsaidia kudanganya. Nitayafikia. Wacha kwanza niwaeleze alivyokuwa, maana nikianzia mwisho mtamwona mjinga, na hakuwa mjinga.

Alikuwa mtu wa kupima. Alipima barua kabla ya kubandika stempu. Alipima unga wa ugali, si kwa kikombe, kwa mizani ndogo ya jikoni, halafu ugali wenyewe ukiiva anakula kama mtu aliyefungiwa wiki nzima. Ukimuuliza mbona anapima unga asiupime mlo, anakujibu, "Unga ni kazi, mlo ni baraka." Alikuwa na misemo yake. "Mizani haina undugu," alimwambia hata mchungaji, aliyekuja na sanduku la pauni sitini akitegemea upako. "Kadirio ni maombi, kipimo ndicho jibu." Watoto wa kanisa walikuwa wanamwigiza, wanainua viatu vyao na kusema "toa, toa," na yeye anacheka mpaka anakohoa.

Lakini mwenyewe hakusafiri. Alifungasha nusu ya Wakenya wa Dallas, na yeye hakuwa na sanduku. Ukimuuliza atarudi lini nyumbani kuona watu wake, anaanza kutafuta kalamu. Mkewe, Mmarekani mweusi wa Fort Worth, alikuwa ameshafariki nilipomfahamu. Alibaki na mwanawe mmoja tu, mtu mzima, na kwa miaka ya mwanzo sikumsikia akimtaja.

Kazi yake ilikuwa ghalani, hapo hapo Mesquite, kupima mizigo inayoingia na kutoka. Sote tulidhani ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote. Kumbe!

Ilikuwa Jumamosi, gereji wazi, joto limetukaba. Mimi nilikuwa nimekuja na sanduku, na jirani yake alikuwepo, mama mmoja wa Burundi aliyefanya naye kazi ghalani, amekuja kupima kifurushi cha dada yake. Nilikuwa nimewaletea chai na pakiti ya zile chipsi za mahindi za pembetatu. Mzee alichukua moja apeleke mdomoni, mkono ukasimama. Akaitazama. Halafu akaiweka mezani taratibu, ncha ikielekea mbele.

"Ndege yetu ilikuwa hivi," akasema.

"Ndege gani, Mzee?"

Ndipo akatuambia. Alikuja kusoma uhandisi, akaoa, akachukua uraia, akaajiriwa katika kiwanda kikubwa cha ndege upande wa Fort Worth. Humo walikuwa wanaunda ndege ya siri ya jeshi la majini, ya kushambulia kutoka kwenye meli. Kazi yake ilikuwa uzito: kila kipande cha ndege ile, mpaka misumari, kilikuwa na mtu wa kukihesabu uzito, na yeye alikuwa mmoja wao. Miaka mingi hakuruhusiwa kumwambia mtu yeyote. Kisha asubuhi moja ya Januari, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakubwa wa Washington wakaifuta kabla haijaruka hata mara moja, na maelfu ya watu wakaambiwa wabebe vitu vyao.

Alivuta sinia la chai. "Hii ni meli ya kubeba ndege." Akavuta bakuli la sukari, akaliweka mwisho wa meza. "Hii ni pwani ya adui." Akalirudisha sinia nyuma kabisa, ukingoni karibu lianguke. "Ndege yetu ingekuwepo, meli ingekaa huku. Mbali! Bawa tupu, haina mkia, watu wawili ndani, mabomu yamefichwa tumboni, rada inaitazama haioni kitu. Ingetoka huku, ikapige kule, ikarudi, na wale wa pwani wasingejua hata imetokea upande gani. Meli zote zingebadilika. Namna ya kuzipanga, namna ya kuzilinda, kila kitu."

"Na sasa?" nikamuuliza.

Akaanza kulisukuma sinia kuelekea sukari, chai ikimwagika. "Sasa wana ndege nzuri, lakini za safari fupi. Kwa hiyo ama meli isogee, ama ndege moja ibebe mafuta ya kunywesha nyingine hewani. Wamefanya hivyo miaka yote hii. Na wenye pwani hawakulala, mama. Siku hizi wana makombora ya kufika hapa." Akalipiga sinia kofi, vikombe vikaruka.

Yule mama wa Burundi akaweka kifurushi chake chini.

"Baba, weye unalilia ndege ya kutupa mabomu?" akasema. "Mie nilikimbia na watoto watatu, mabomu nyuma yetu. Tuliyasikia yanakuja, ndiyo maana tuko hai. Hiyo yenu isiyoonekana, nani angetuambia tukimbie?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Umesema kweli, mama," akajibu. "Mimi sikuitaka vita. Nilitaka hesabu ikubali." Akalitazama sinia. "Lakini mwanangu yumo humu ndani. Yuko juu ya sitaha ya meli kama hii, anavaa fulana ya zambarau, anajaza ndege mafuta. Watu kama elfu tano, na yeye mmojawapo. Kila wakisema kwenye taarifa meli imesogea, mimi najua imesogea kiasi gani, na najua kwa nini."

Yule mama akanyanyuka, akafuta chai iliyomwagika kwa kanga yake, akasema Mungu amlinde kijana. Mzee alimpimia kifurushi chake, pauni tisa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mama alipotoka, Mzee akalirudisha sinia nyuma.

Nilipata kuujua ugomvi wa Mzee na mwanawe kidogo kidogo. Kijana alipotaka kujiunga na jeshi la majini, baba alimwambia neno moja tu: usiende. Hakumpa sababu. Kijana akamuuliza kwa Kiingereza, maana hao watoto ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, "Wewe unapima maboksi, Dad. Unajua nini kuhusu meli?" Siri ya ile ndege ilishafunguliwa zamani, Mzee angeweza kusema. Hakusema, na siku ya kuondoka hakwenda uwanja wa ndege kumuaga. Tangu hapo wakawa watu wa salamu za Krismasi. Kijana alikuwa ananitumia ujumbe mimi, ananiita Auntie, ananiuliza baba yake anaendeleaje, kana kwamba mimi ndiye dirisha la posta.

Kwa nini hakusema? Nilimuuliza siku aliyoniambia, "Nipeleke Fort Worth."

"Mzee, Jumapili hii? Ku-drive saa nzima kwa hili jua?"

"Nipeleke."

Kule, karibu na kiwanja cha ndege, nje kwenye nyasi, wameweka mfano wa ile ndege. Si ndege yenyewe. Ni umbo la ukubwa kamili lililotengenezwa ili wakubwa waone itakavyokuwa. Rangi imebabuka, ndege wa kweli wamejenga viota chini yake. Mzee alilizunguka mara mbili, kisha akaweka kiganja kwenye bawa, jinsi nilivyomwona akishika masanduku yetu.

"Halina kitu ndani," akasema. Kisha akaanza kulia, mtu mzima, na mimi sina hata kitambaa.

Aliniambia pale pale, huku anashikilia bawa. Kila kipande kilikuwa na karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza kadirio, ya pili hesabu ya mchoro, ya tatu kipimo cha mizani. Vipande vilipoanza kufika vikawa vizito kuliko hesabu, kimoja baada ya kingine. Ndege ya kwenye meli haina mchezo; inatupwa hewani kutoka kwenye sitaha fupi na inarudi kutua hapo hapo, kila pauni ina kesi yake. Mkubwa wa kitengo chao akasema, safu ya tatu iacheni wazi kwanza, tutapunguza, tutajaza baadaye.

"Na wewe ukaacha wazi?"

"Nilipima kwa mikono yangu, nikaacha wazi. Mwaka mzima. Ningejaza mapema wangepiga kelele mapema. Wangechonga, wangekata, wangechelewa. Labda ingeruka."

"Na labda wangeifuta tu, Mzee. Si wewe peke yako uliyekuwa unapima."

"Labda. Lakini kosa lisingekuwa langu." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Siku ya kufukuzwa nilibeba boksi langu la vitu nikaja nalo nyumbani, mwanangu anatambaa. Nikaliweka kwenye mizani. Miaka saba ya kazi, pauni kumi na moja. Sasa nimwambieje kijana kwamba meli yake inasogea pwani, na mimi nina mkono wangu humo? Nitamwambia. Lakini si kwa simu. Hilo ni la ana kwa ana, ameketi hapa, namwona macho."

Basi hilo ndilo alilolitaka duniani, hilo moja tu. Kila kitu kingine alikuwa ameshakitoa kwenye sanduku.

Mimi nilihamia Pearland, nikapata kazi katika hospitali kule kwenye eneo kubwa la matibabu Houston. Mwaka mmoja baadaye moyo wa Mzee ukaanza kuchoka. Nikamshawishi aje Houston kwa madaktari wa moyo, nikamwandalia chumba nyumbani kwetu. Akagoma. "Sikai kwa mabinti za watu nikiwa na miguu." Akapanga mtaa wa Gulfton, chumba kimoja katika yale maghorofa yaliyojaa familia za kila taifa, karibu na basi. Akaja na nguo mbili tatu na ile mizani ya chuma. Jamani, mizani! Vijana wa ghorofa ya chini ndio walioipandisha ngazi.

Na kweli aliihitaji. Mgonjwa wa moyo wa namna yake hupimwa uzito kila asubuhi, kwa sababu moyo ukishindwa kusukuma, maji hubaki mwilini, na mizani huyaona kabla ya macho. Zikipanda pauni tatu kwa siku, au tano kwa wiki, unapiga simu, unalazwa. Nilipomweleza alifurahi! "Mmenipa kazi yangu," akasema. Akanunua daftari, akachora safu tatu.

Nilimpitia kila Jumatano baada ya kazi. Wiki za kwanza safu zote zilijaa. Halafu Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa nikafungua daftari: kadirio mia moja sabini na moja, hesabu mia moja sabini na moja. Safu ya tatu, wazi. Siku sita, wazi. Nikapiga magoti nikabonyeza mguu wake juu ya kifundo. Kidole kiliacha shimo, na shimo likabaki.

"Mzee. Umepanda mizani leo?"

"Nitajaza baadaye."

Nilisimama nikachukua simu, yeye akanishika mkono, na mkono ule ulikuwa bado una nguvu za kunyanyua masanduku.

"Meli inarudi mwezi ujao," akasema. "Nikilazwa, utamwambia kijana. Yuko karibu na pwani kule, mama, unasikia taarifa. Mtu wa mafuta akiwa na mawazo juu ya sitaha anajichoma yeye na wenzake. Mwache afanye kazi. Atakuja, nitamwambia mwenyewe. Mwezi mmoja."

Na mimi? Mimi ni Mkenya. Kwetu aliye mbali haambiwi. Baba yangu mwenyewe aliugua miezi mitatu, na kila nikipiga simu naambiwa "amelala kidogo, anaendelea vizuri," mpaka siku niliyoambiwa nitafute tikiti. Nililia nikaapa sitamfanyia mtu vile. Lakini simu nikairudisha mfukoni, nikamwongezea Mzee dawa ya kupunguza maji mwilini aliyokuwa ameandikiwa, nikamkataza chumvi, nikamkemea, nikamwombea. Kijana alipouliza, nikaandika: anaendelea vizuri.

Meli ikaongezewa muda. Nikaandika tena: anaendelea vizuri. Ikaongezewa tena. Viatu havikumwingia, alikuwa analala ameketi kwenye kiti. Nikaandika tena, nikaweka na kale kauso kanakocheka. Mungu anisamehe, niliweka kauso kanakocheka. Mara ya nne niliandika nikiwa nimeketi kwenye gari nje ya ghorofa lake, nimetoka kumsaidia kuvuka chumba.

Asubuhi niliyomkuta hawezi kumaliza sentensi, sikumsikiliza tena. Nikaita gari la wagonjwa. Hospitali, vitanda vyetu vina mizani ndani. Unabonyeza kitufe, namba inatokea. Mzee akatikisa kichwa. Alitaka kusimama. Nikasema hapana, akasema simama nami basi, kwa hiyo nikaleta mizani ya magurudumu, nikamshika kwapani, akapanda, anatweta, suruali ya hospitali inamteleza.

Kabla namba haijatulia akasema, "Mia moja tisini na nne."

Nikatazama. Mia moja tisini na nne.

"Andika," akasema. Nikachukua daftari lake kwenye mfuko, akanionyesha kwa kidole. "Safu ya tatu."

Nikaandika. Akapumua, akasubiri, akapumua tena.

"Sasa mwandikie mwanangu. Kipimo. Mwambie... nilikuwa na maneno ya kumwambia. Sina pumzi ya kumngoja. Utayasema wewe."

"Utayasema mwenyewe, Mzee. Anakuja."

"Hilo ni kadirio," akaniambia.

Niliandika siku ile ile, ukweli wote, namba yote. Daktari akathibitisha, ujumbe ukapelekwa melini kwa njia rasmi, na ruhusa ikatoka haraka kuliko nilivyotegemea. Safari ya kijana ilichukua siku nne, kuanzia sitahani mpaka Houston. Mzee wa Mizani alifariki siku ya tatu asubuhi, nimemshika mkono, na mlango niliuacha wazi kwa sababu alitaka kuona anayeingia.

Kijana alikuja kwangu Pearland moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na begi moja dogo. Ana mikono ya baba yake. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilileta sinia la chai na bakuli la sukari, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Chipsi ya mahindi sikuwa nayo, nilikunja karatasi. Nilimwambia habari ya ndege, ya safu ya tatu, na kwa nini siku ile baba yake alisema usiende akashindwa kusema zaidi. Nililiweka sinia mbali, ukingoni. Kijana akanyoosha mkono, akalivuta polepole mpaka likagusa bakuli la sukari.

"We were here," akasema.

Nikampa daftari. Alilisoma tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka. Akafika pale safu ya tatu inapoanza kuwa tupu, akaendelea kufunua, tupu, tupu, mpaka ile namba ya mwisho yenye mwandiko wangu. Akarudi nyuma kwenye ukurasa wa kwanza mtupu, akaweka kidole hapo.

"Auntie, ulijua lini?"

Nilikuwa na jibu tayari, kama siku chache hivi, si unajua wazee wanavyoficha. Lilikuwa mdomoni.

"Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa," nikamwambia. "Nilibonyeza mguu wake, shimo likabaki."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea.

"Wiki sita," akasema, kwa Kiswahili.

Nikasema ndiyo, wiki sita.